Shimo la Mgeni

Kisiwa cha Machwera,
kwa mkono wa Nyamburi mwenye duka, Mwigobero, Musoma.
21 Juni 1992

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama mkubwa Selestina naye umpe shikamoo yangu, na uniambie kama goti lake limepoa tangu mvua zikatike. Sisi ni wazima. Esta ametimiza miaka mitatu, anasema sana, na anauliza babu wa Bunda atakuja lini na miwa.

Uliniagiza nikuandikie nikifika. Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nilijiambia nisubiri nizoee kwanza. Sasa ni wiki ya tatu na sijazoea, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kazi ya Thadeo inakwenda vizuri. Tangu kiwanda kiwapunguze hajapata kuwa na furaha kama hii. Hapa kila mtumbwi wenye injini unamtafuta yeye, na husikii tena yale manung'uniko ya kule Kamunyonge. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Lakini baba mkubwa, harufu. Ninapokuandikia nimejifunga kanga puani. Sangara wakishapasuliwa, vichwa na matumbo hutupwa pale pale ufukweni, na makorongo wale wenye upara wanasimama juu yake kama wazee wa baraza. Dagaa huanikwa juu ya miamba, na bata wanatembea juu yao wakifanya mambo yao. Juzi wakatoka wadudu wa ziwani, wengi kama moshi, wakajaa kwenye ugali hadi ukawa mweusi. Jirani yangu Miriamu akaniambia, "Kula tu, mama Esta, hao nao ni mboga." Nikatoka nje kutapika.

La mwisho ndilo nilitaka nisiliandike. Kisiwa kizima hakina choo hata kimoja. Kila mtu anajua jiwe lake. Wanaume upande wa machweo, wanawake upande mwingine, na kisima chetu ni ziwa lile lile. Ndilo choo, ndilo bafu, ndilo mtungi.

Usimwambie mama mkubwa, ataacha kulala.

Mwanao,
Hyasinta


S.L.P. ya shule, Nyasura, Bunda.
9 Julai 1992

Mwanangu Hyasinta,

Marahaba. Goti la mama yako mkubwa limepoa, ila amegundua kwamba likimuuma hatumwi dukani, kwa hiyo linamuuma Jumamosi. Mahindi tumevuna kiasi. Msalimie mkwe wangu Thadeo na umwambie Esta miwa ipo.

Barua yako niliisoma nikiwa mezani, nikasukuma sahani. Nimefundisha afya miaka thelathini, na bado sijapata kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuchota maji mahali ambapo jirani yake amechuchumaa. Kinyaa nimeumbiwa, na wewe umekirithi kwetu. Usikizoee kisiwa hicho. Mtu akishazoea uchafu hauoni tena, na asiyeuona hawezi kuuondoa.

Sasa nisikilize kwa mpangilio. Wadudu hao hawang'ati. Hukulia kwenye tope la chini ya ziwa, kisha hutoka kwa pamoja, hasa mwezi ukiwa umeandama, wakifuata mwanga. Siku hizo kula mapema na uzime taa. Maji chemsha mpaka yatokote sawasawa, yafunike, na kikombe cha kuchotea kiwe na mpini.

Kuhusu choo, usingoje serikali wala wavuvi. Mwambie Thadeo achimbe. Msichimbe karibu na maji, na kiwe upande ambao mvua haisukumi maji yake kuja mnakochota. Kisiwa kina mawe, kwa hiyo tafuteni kichuguu, maana penye kichuguu udongo huwa na kina. Kina kiwe kimo cha mtu mzima na nusu. Juu mlaze magogo, mkandike udongo, muache tundu dogo ambalo Esta hawezi kupita, na tundu liwe na kifuniko. Kila baada ya kutumia, mmwage majivu ya jikoni kopo moja. Majivu yanakata harufu na inzi hawatui.

Nakutumia sabuni za mche. Miaka ile ya foleni tulifulia majani ya mpapai na hakuna aliyelaumiwa. Sasa sabuni imejaa madukani, mwenye kunuka hana kisingizio.

Baba yako mkubwa,
Leodgar Masatu


Machwera, 30 Agosti 1992

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sabuni zilifika, moja ikiwa imelowa kwenye mtumbwi unaoleta barafu ya samaki. Barua ilikaa kwa Nyamburi mwezi mzima kwa sababu ya upepo. Esta alikohoa, amepona.

Choo kimekwisha. Tulipata kichuguu nyuma ya nyumba na Thadeo akachimba na vijana wawili. Watu walikuja kutazama kama ngoma. Miriamu akasema, "Nyinyi watu wa bara mnajenga nyumba ya mavi kabla hamjajenga ya kulala." Niliona aibu kidogo, lakini siku ya kwanza nilipofunga kile kimlango cha matete nilikaa ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kutoonwa.

Kuna habari nyingine, na si nzuri. Wezi wa mifugo waliingia kwa mkwe wangu mzee Werema kule Butiama. Wamefagia zizi lote. Hawakuacha hata ndama. Thadeo alikwenda kumchukua, na sasa baba yake anaishi na sisi. Tumemjengea kijumba chake upande wa pili wa ua. Samaki hali, anasema ni nyoka waliokosa njia. Anakula ugali na maziwa ya unga, na anashinda ameketi na fimbo yake akitazama ziwa kana kwamba ni mtu aliyemkosea.

Choo kinatumika.

Mwanao,
Hyasinta


Nyasura, 20 Septemba 1992

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima, mama yako mkubwa anasali kwa ajili ya mzee Werema na mimi nasikitika sana. Umjulie hali kwa heshima. Mtu wa ng'ombe akinyang'anywa ng'ombe hapungukiwi mali tu. Anakosa pa kwenda asubuhi. Usimlazimishe samaki. Mpikie mlenda na maharage, na maziwa hayo ya unga myachemshe pia.

Ila nimesoma barua yako kama nilivyokuwa nikisoma daftari za wanafunzi. Umeeleza choo kwa furaha, ukaeleza mzee alivyokuja, kisha mwishoni umeandika maneno mawili, "choo kinatumika", ukakimbia. Kinatumika na nani? Kipindupindu kimesikika upande wa ghuba. Choo kinachotumiwa na nusu ya nyumba ni sawa na mlango uliofungwa wakati dirisha liko wazi. Nijibu.

Leodgar


Machwera, 18 Oktoba 1992

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Salamu za hapa ni zile zile, na samaki ni wale wale.

Umenitaka nijibu, basi nitaandika upesi bila kusoma nilichoandika. Unisamehe, kwa kuwa mambo haya mtoto wa kike hamwandikii baba yake.

Mzee hatumii choo. Hakuwahi kukitumia hata siku moja. Unajua kwa nini. Mkamwana wake anaingia mle, kwa hiyo yeye hawezi. Nilijaribu kumwachia. Nilikaa wiki mbili naenda mawe ya wanawake kama mwanzo, nikidhani ataingia, lakini alikwisha kuniona nikiingia na hilo halifutiki. Hata kwenye mawe ya wanaume haendi, anasema hawezi kuchuchumaa na vijana wa nyavu. Anakwenda alfajiri kwenye Mawe Mapana. Pamejificha, hakuna nyumba inayopaona. Na Mawe Mapana ndipo tunapochota maji.

Najua kwa kuwa nilimkuta. Nilitangulia mapema na ndoo, nikazunguka jiwe. Baba mkubwa, sitaandika zaidi ya hapo. Nilitupa ndoo nikakimbia. Tangu siku ile akinisikia nakuja anageuza kiti.

Na bado maji ni yale. Kuni zimeisha kisiwani, zote zinakausha samaki, kwa hiyo siku nyingine yanachemka na siku nyingine yanapata moto tu. Nikimwona Esta anakunywa, natamani kumnyang'anya kikombe. Nachukia maji, nachukia kikombe, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, namchukia mzee.

Nilimwambia Thadeo achimbe shimo la pili. Akasema, "Nikichimba atauliza la nini. Nimjibu tumemwona?" Nikamwambia basi ongea naye. Akasema, "Nimwambie nini baba yangu kuhusu mambo ya kwenda nje?"

Wewe ni mkwe mwenzake, wa rika lake. Anakuheshimu. Tafadhali mwandikie wewe. Thadeo atamsomea, au katekista.

Hyasinta


Nyasura, 8 Novemba 1992

Mwanangu Hyasinta,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza vibaya, na mama yako mkubwa amepoteza kuku wawili kwa kideri.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikaificha kwenye Biblia mama yako mkubwa asiione. Usione haya mbele yangu. Ninachoona mimi ni kinyaa na huruma, vyote viwili vikiwa bakuli moja.

Lakini sitamwandikia, na nitakueleza kwa nini. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yako walitoka zizi la mtu huyu. Niliwapokea mimi, badala ya marehemu baba yako. Yule jike mwekundu amezaa mara tatu hapa kwangu. Yeye sasa hana hata mmoja. Unataka mimi, niliye na ng'ombe wake, nimpelekee karatasi ya kumwelekeza mahali pa kuchuchumaa, tena isomwe na mwanawe au na katekista? Mtu aliyenyang'anywa kila kitu hubaki na heshima tu, na hiyo ndiyo unataka niichukue.

Ongeeni na bwana afya wa Musoma. Apite kama mgeni, afundishe kisiwa kizima bila kutaja mtu. Au padri aseme kanisani. Wakati huo, maji yachote upande mwingine hata kama ni mbali.

Subira, mwanangu.

Leodgar


Musoma, hospitalini, 15 Desemba 1992

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naandika kwenye karatasi ya dawa.

Ni kipindupindu. Esta alianza Jumapili baada ya ibada. Kilichomtoka kilikuwa kama maji ya mchele. Jioni macho yalikuwa yamezama na ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Mtumbwi wa barafu ulitupakia sisi na mtoto wa Miriamu. Wa Miriamu hatukumfikisha.

Hapa vitanda vina tundu katikati na ndoo chini. Wamemtundikia dripu tangu jana. Leo amekojoa, na muuguzi amesema ni dalili nzuri. Sijawahi kufurahia hivyo kitu cha namna hiyo.

Bwana afya uliyesema hakuja, hakuna mafuta ya boti. Padri alisema kanisani tupendane na tunawe mikono. Upande mwingine nilichota, ni mbali, na siku niliyoumwa mgongo Thadeo alichota Mawe Mapana.

Mzee ndiye aliyembeba Esta hadi mtumbwini. Alimbeba kifuani akilia, amechafuka shati lote, hakujali. Kesho yake alfajiri, Thadeo anasema, alikwenda pale pale Mawe Mapana.

Kila mwanamume ninayemwambia ananitafutia mwanamume mwingine wa kusema. Wewe uliniambia nisizoee uchafu. Sikuzoea. Nyinyi wenye adabu ndio mmeuzoea.

H.


Nyasura, 17 Januari 1993

Mwanangu Hyasinta,

Nimefika salama. Mama yako mkubwa alinipokea na maji ya kuoga mlangoni, akasema hataniruhusu kuingia nikinuka hivyo. Amefurahi kusikia Esta amenona tena na kwamba alinilia miwa yote.

Barua yako ya hospitalini sikuijibu, nilipanda gari. Sasa naandika kwa sababu siku zile tatu wewe ulituona kwa mbali tu, ukiwa jikoni umegeuza uso kama ipasavyo, na una haki ya kujua yaliyosemwa.

Kwenye mtumbwi niliketi juu ya barafu iliyofunikwa pumba, nikitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, maelezo ya vijidudu, na hitimisho. Nilipofika mzee Werema akanitazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu, umevuka maji yote haya kuja kuniona, au umekuja kuangalia kama nimeota magamba?"

"Hujaota, mkwe. Ila unanuka samaki usiyemla."

"Nilikuwaga nanuka ng'ombe," akasema. "Hata wewe ulikuwaga unapenda harufu yangu, siku ile ya mahari."

Hotuba ikaniishia hapo. Tukala, tukaongea habari za mvua. Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Mkwe, nina shida ya mgeni. Nyumba hii ina choo kimoja, na ni cha binti yangu. Mimi siwezi kuingia mle."

"Huwezi," akasema mara moja. "Sisi hatuingiagi."

"Basi nisaidie nichimbe cha kwangu."

"Unakaa siku ngapi, mpaka uchimbe shimo?"

"Nakaa mpaka liishe."

Akaweka fimbo chini, mwanangu, akaenda kumnyang'anya Thadeo mtaimbo. Tulichimba kwenye kile kichuguu kidogo nyuma ya kijumba chake, mmoja ndani, mwingine akivuta ndoo. Alinitajia ng'ombe wake kwa majina na rangi, na mimi nikamwambia yule mwekundu amezaa. Shimo lilipofika kifuani yeye akiwa ndani, akasema bila kuinua kichwa:

"Mtoto aliumwa."

"Aliumwa."

"Walisema ni maji."

"Ni maji."

Akapiga mtaimbo kwenye jiwe mpaka cheche zikatoka. Nilimwambia apumzike, nami niingie. Alikataa. Alichimba hadi sikuona tena kichwa chake, nikawa nasikia pumzi tu na kile chuma. Ndipo akauliza kutoka chini:

"Wewe ukirudi Bunda, hili shimo atalilinda nani?"

"Nakuachia wewe, mkwe."

Nikasikia anacheka mle ndani, kicheko kibaya, kama cha mtu aliyemeza kitu kichungu.

"Mwalimu mzima. Umetoka Bunda kuja kuniachia shimo."

"Nilikosa zawadi nyingine."

"Nivute juu," akasema. "Kesho tutafute magogo."

Hayo ndiyo yote. Lile neno lenyewe hakuna aliyelitamka. Mimi nilikufundisha choo cha kitabuni, kina chake na umbali wake, nikasahau kwamba nyumba yenye mkwe na mkamwana inataka viwili. Kosa hilo angelifanya mtu asiyetujua. Nimelifanya mimi, niliyezaliwa humu humu. Na nilikwambia subira wakati aliyekuwa akisubiri ni mtoto.

Mpe pole Miriamu kwa niaba yangu. Sijui maneno ya kumwandikia.

Leodgar


Machwera, 28 Februari 1993

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, na mama mkubwa pia. Esta amejaa mashavu. Thadeo anaambiwa atengeneze mashine ya barafu, kwa hiyo hatuhami mwaka huu. Nilitaka ujue hilo kwanza.

Nilikuandikia maneno makali nikiwa hospitali. Siyafuti, ila nakushukuru kwa kuja.

Kisiwa ni kile kile. Vichwa vya sangara vinaoza, wadudu walitoka tena juzi, bado najifunga kanga puani. Waliochimba vyoo ni nyumba chache tu. Miriamu amechimba. Alichimba mwenyewe, na hakuna aliyetania.

Lakini Mawe Mapana pamepata mwenyewe. Mzee anakwenda pale alfajiri na fimbo yake, anakaa juu ya jiwe kubwa mpaka jua litoke sawasawa. Mvuvi akionekana anaelekea huko mikono mitupu, anamtimua. "Geuka. Geuka huko. Mnanyea mnapokunywa, hata ng'ombe hafanyi hivyo mkimchunga vizuri." Vijana walimtukana mwanzoni. Sasa wanamwita mchungaji, na wanazunguka mbali. Maji nachota tena pale. Namkuta amenipa mgongo, napita kimya, naye anakohoa kidogo ili nijue amenisikia.

Hajaniambia neno tangu siku ile nilipotupa ndoo. Nilidhani ndivyo itakavyokuwa daima. Jana nikiwa natwanga, Esta akaja kutoka kwenye kijumba chake amebeba kopo tupu kwa mikono miwili.

"Babu anasema majivu yamekwisha kule kwake. Anasema mama yako anajua."

Nilichota majivu jikoni, nikayachekecha kuondoa makaa yaliyo hai, nikajaza kopo hadi juu na kumkabidhi Esta. Nikamtazama akivuka ua polepole asimwage. Mzee alikuwa mlangoni amegeuza uso. Alipolipokea alilipima uzito mkononi, akainamisha kichwa mara moja kuelekea jikoni.

Kwa mtu na mkamwana wake, baba mkubwa, hayo ni mazungumzo marefu.

Mwanao,
Hyasinta